Kabla Hujashusha Gia Boksi
Mazungumzo na mafundi wa gereji na madereva wa magari ya kazi, Dar es Salaam

Wazee wetu, shikamooni. Vijana mliotoka chini ya magari mkaja hapa na grisi mkononi, hamjambo. Nawashukuru kwa kukubali kuacha spana kwa asubuhi moja.

Magari mengi ya binafsi yanayopita Barabara ya Nyerere na Mandela siku hizi ni otomatiki. Gia za mkono zimebaki kwa magari yanayotafuta riziki: Coaster na Hiace za abiria, Canter za mchanga na tofali, Kirikuu za kubeba soda na magodoro, Hilux, na zile Land Cruiser mkonga zinazoteremka kutoka mikoani zikiwa na vumbi hadi kwenye paa. Gari la namna hiyo likilala siku mbili, mwenye gari anakosa hesabu, dereva anakosa posho, na fundi anapigiwa simu kila nusu saa. Haraka hiyo imezaa ugonjwa katika gereji zetu. Gari likigoma kuingia gia, jeki inaingia chini, gia boksi inashuka, na ikishashuka ndipo watu wanaanza kujiuliza ilikuwa na nini. Mara nyingi haikuwa na kitu. Tatizo lilikuwa kwenye silinda ya klachi ya elfu kadhaa, na sasa mwenye gari analipia kushusha, kupandisha, na sili iliyochanika wakati wa kushusha.

Mimi nasema gia boksi iwe ya mwisho kufunguliwa. Karibu vipimo vyote vinavyoonyesha kosa liko kwenye klachi, gia boksi, propela (fimbo ndefu inayopeleka mzunguko nyuma) au difu (kasha la meno linalogawa mzunguko kwa magurudumu) hufanyika gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake, kwa nusu saa, bila kufungua boliti kubwa hata moja.

Anza na dereva. Muulize tatizo lilianza ghafla au lilikuja polepole. Ni gia zote au moja? Likiwa la baridi au likishapata moto? Nani aligusa klachi mara ya mwisho, na alibadilisha nini? Gari limepita kwenye maji? Kisha panda naye, na aendeshe yeye, usiendeshe wewe. Utaona kama mguu wake wa kushoto unapumzika juu ya pedali ya klachi kutoka Ubungo mpaka Kimara, na kama kwenye foleni ya mlimani anashikilia gari kwa klachi badala ya breki. Ukishayaona hayo, umeshajua kwa nini klachi aliyofunga mwaka jana imekwisha mwaka huu.

Sasa tuchukue lalamiko linaloletwa kuliko yote: gia haziingii. Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Ikigoma moja, sukuma gari kidogo ujaribu tena, maana meno huweza kukutana uso kwa uso gari likiwa limesimama. Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma injini ikiwaka, gia boksi haina kosa, klachi haikati, yaani haiachanishi injini na gia boksi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, tazama fimbo na kebo za gia, bushi zake, na seleketa inayochagua gia. Kwenye Hiace na Coaster zinazotumia kebo, bushi ya plastiki ya shilingi chache ikivunjika, gia mbili zinapotea kwa pamoja, na mtu anaweza kununua gia boksi nzima kwa ajili yake.

Kuhakikisha kwamba klachi haikati, tumia rivasi. Gia boksi nyingi hazina sinkronaiza (ringi zinazolinganisha kasi kabla gia haijaingia) kwenye rivasi, kwa hiyo rivasi haifichi kitu. Acha injini kwenye silensa (izunguke polepole bila kukanyaga mafuta), gia nyutro, kanyaga klachi hadi chini, hesabu sekunde tano, kisha ingiza rivasi taratibu. Klachi ikikata vizuri, shafti ya mbele ya gia boksi inakuwa imeshasimama na rivasi inaingia kimya. Ikikwaruza, shafti bado inazungushwa. Hapo kuna njia ndefu kati ya mguu wa dereva na klachi pleti, ile sahani inayoshikana na injini, na njia hiyo inafuatwa kutoka juu kwenda chini.

Juu kabisa kuna pedali yenyewe. Mwambie mwenzako akanyage huku wewe unatazama pale masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya klachi, ilipofungwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dereva. Kwenye magari yaliyochoka, bati hilo hupasuka na ukuta mzima unasogea mbele. Nguvu ya mguu inaishia kukunja bati. Pima mchezo wa pedali, ule ulegevu kabla haijaanza kuwa nzito. Toyota nyingi zinataka milimita 5 hadi 15. Ukikosekana kabisa, rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie) inakandamizwa wakati wote, na klachi itaanza kuteleza. Ukizidi sana, klachi haitakata.

Kwenye klachi ya mafuta, fungua kopo la masta uone kiwango. Mafuta ya klachi hayaliwi na kitu. Yakipungua sana yametoka mahali. Kisha nenda chini kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa gia boksi. Vuta kwa vidole mpira wake wa kuzuia vumbi, uukunje nyuma. Ndani pawe pakavu. Ukikuta unyevunyevu mweusi unaoteleza, mpira wa ndani umekwisha, hata kama hakuna tone lililoanguka chini. Wengi wanatazama sakafu ya gereji, wanaona kavu, wanaamini silinda ni nzima, wakati mafuta yamejikusanya ndani ya ule mpira.

Silinda zote mbili zikiwa kavu, mwenzako akanyage pedali hadi mwisho na aishikilie. Tazama fimbo inayosukuma foku, ule mkono unaosukuma rilizi beringi. Kwa magari mengi madogo itatoka sentimita moja au kuzidi kidogo. Cha kuangalia zaidi ni kama inabaki pale. Ikirudi polepole huku pedali imeshikiliwa chini, masta inapitisha mafuta ndani kwa ndani, na hakuna tone utakaloliona nje. Huyu ndiye anayewadanganya mafundi kuliko wote: asubuhi gari linaingia gia, mchana kwenye joto na foleni linagoma, likilala linapona. Angalia pia hozi ya mpira. Ikivimba kama mrija mtu anapokanyaga, safari ya fimbo inapotea humo.

Ukitoa hewa kwenye mafuta ya klachi, jazia mafuta ya breki, daraja la DOT 3 kwa magari mengi. Usijaribu kuweka ATF (mafuta ya gia boksi za otomatiki) wala oili ya injini kwa sababu ya kukosa. Mafuta hayo yanayotokana na petroli huvimbisha mpira wa silinda hizi, na baada ya siku chache utabadilisha masta, silinda ya chini na hozi kwa pamoja. Kwa Kirikuu kazi ni fupi, klachi yake ni ya kebo: angalia uzi kama umeanza kukatika pale kwenye pedali, rekebisha mchezo, basi.

Ikiwa fimbo inatoka vizuri na inabaki, na rivasi bado inakwaruza, sasa ndiyo una sababu ya kushusha. Tazamia foku iliyopinda, kitako cha foku kilicholika, klachi pleti iliyofungwa kinyume, pleti iliyogandishwa na kutu kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) baada ya gari kulala mvua nzima, meno ya shafti yaliyokauka bila grisi, au pailoti beringi (ile ndogo ya katikati ya flaiwili) iliyoshika.

Kuteleza kunapimwa haraka. Tambarare, hendibreki juu, mguu kwenye breki, gia ya tatu au ya nne, injini juu kidogo ya silensa, achia klachi kama kawaida. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, imekwisha, au imelowa oili. Fanya mara moja tu, ukirudia rudia unaiunguza wewe mwenyewe. Barabarani dalili ni kwamba ukikanyaga mafuta mlimani, sauti ya injini inapanda na mwendo haupandi.

Tuje kwenye kelele, ambako pesa nyingi hupotea kwa kukisia. Kanuni ni moja: jua ni kipande gani kinazunguka wakati kelele ipo, na kipi kimesimama wakati haipo. Gari limesimama, injini kwenye silensa, gia nyutro, pedali juu. Hapo shafti ya mbele na kaunta shafti (ile ya pembeni yake ndani ya gia boksi) zinazunguka. Kama kuna mvumo, kanyaga klachi hadi chini. Mvumo ukifa, ni beringi za shafti hizo mbili. Kama kulikuwa kimya, na kelele ikaanza pale tu mguu unapogusa pedali, ni rilizi beringi. Ikija pedali ikiwa chini kabisa na gia ikiwa imeingia, kwenye gari la kuvuta nyuma, fikiria pailoti beringi, kwa sababu ndipo flaiwili inazunguka na shafti imesimama. Wakati mwingine wote vinazunguka pamoja na beringi hiyo inapumzika.

Barabarani, kelele ikiwa kwenye gia moja tu, ni meno ya gia hiyo. Ikiwa kwenye gia zote isipokuwa ya nne, sikilizeni vizuri vijana: kwenye gia boksi nyingi za kuvuta nyuma, gia ya nne huunganisha shafti ya mbele na ya nyuma moja kwa moja. Kaunta shafti inazunguka lakini haibebi mzigo. Kwa hiyo gari linalonung'unika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, likatulia ya nne, linakuambia beringi za kaunta shafti zimekufa. Kwa gari la kuvuta mbele kipimo hiki hakifanyi kazi, maana gia zote hubeba mzigo kwa meno.

Halafu kuna kelele zisizo za gia boksi kabisa. Ukiwa kilomita 60 kwa saa kwenye barabara iliyo wazi, kanyaga klachi, weka nyutro, acha gari litiririke. Kelele ikibaki vilevile na kupungua kadiri mwendo unavyopungua, achana na injini na klachi. Tafuta propela, difu, beringi za magurudumu, au matairi. Matairi hubadili sauti barabara inapobadilika, difu haijali lami. Beringi ya gurudumu hubadilika ukiyumbisha gari: ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na beringi ya kulia italia zaidi.

Gia kukwaruza wakati wa kuingia huku klachi inakata vizuri, na ikawa ni gia ileile kila siku, hapo tunazungumza sinkronaiza, zile ringi za shaba. Kawaida ya pili na ya tatu ndizo hutangulia, kwa sababu ndizo zinazofanya kazi nyingi mjini. Ringi ikibanwa kwa mkono kwenye koni ya gia, pima nafasi iliyobaki kati yao kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Ringi mpya ina nafasi ya kutosha. Ikifika milimita 0.6 kwa modeli nyingi za Toyota, nyingine 0.8, haifai tena. Foku ya gia, ile ya ndani ya gia boksi, na slivu yake (bangili inayosogezwa kuingiza gia), nafasi isizidi milimita 1.

Na hapa niseme neno kuhusu oili, kwa sababu ringi nyingi zinauawa na oili yetu wenyewe. Difu ina meno yanayokwaruzana kwa kuteleza, inahitaji oili ya gia ya daraja la GL-5. Gia boksi nyingi zenye ringi za shaba zinataka GL-4, yenye uzito kama 75W-90. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu zote mbili, kitabu cha gari kitasema. Pale kisiporuhusu, GL-5 ya kawaida ina viungo vya salfa vinavyoweza kula shaba kwenye joto, na inateleza kiasi kwamba ringi haishiki koni ili kupunguza kasi ya gia. Dereva anasema gia zimekuwa ngumu tangu servisi. Ni kweli, zimekuwa ngumu tangu servisi.

Kabla hujafungua nati ya kumwagia, fungua kwanza ya kujazia. Hii si mzaha. Nati ya juu ikiwa imeshika na tayari umemwaga oili, gari haliondoki hapo. Oili iliyotoka, imwage kidogo kwenye sahani nyeupe, uitoe juani. Vumbi laini la kijivu lililoshika kwenye sumaku ya nati kama tope ni la kawaida. Vimeta vya rangi ya dhahabu ni ringi za shaba. Magamba ya chuma yanayong'aa ni beringi zinazobambuka. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha mbili ni jino, na huyo hana dawa ya oili mpya. Kujaza ni mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia, au pungufu lisilozidi milimita 5, gari likiwa limelala sawa. Aliyejaza huku upande mmoja umeinuliwa na jeki amejidanganya.

Gia kuchomoka yenyewe sitakaa nayo sana. Kabla ya kulaumu slivu na meno yaliyolika, tazama mauntini (mipira inayobeba uzito) za injini na ya gia boksi. Zikikatika, injini inaruka ukikanyaga mafuta na kuvuta fimbo ya gia. Kaza pia boliti zinazoshika gia boksi na injini. Hayo yakiwa sawa na gia bado inatoka, iwe wakati wa kuvuta au wakati wa kuachia mafuta, basi ni ndani: slivu, foku, au ile gololi na springi vinavyoishikilia.

Injini inanguruma, gia imeingia, gari halisogei. Tulia. Weka vigingi kwenye magurudumu, simama pembeni, usilale chini, tazama propela mwenzako akiachia klachi taratibu. Propela ikizunguka na gari limesimama, hafu shafti (fimbo kutoka difu hadi gurudumu) imekatika au difu imevunjika ndani. Klachi na gia boksi ni wazima. Propela isipozunguka, rudi mbele. Kwenye magari ya zamani ambayo spidomita inachukua mwendo kutoka gia boksi, mshale unaopanda wakati gari limesimama unakuambia jambo hilohilo bila hata kuinama.

Mlio wa "ngoo" ukianza kuondoka au ukibadili kutoka mbele kwenda rivasi ni krosi jointi, viungo vya msalaba vya propela, mara nyingi. Zikikauka hulia kama ndege kwa mwendo mdogo. Shika propela kwa mikono miwili na uizungushe huku na huku. Mchezo unaohisiwa kwa mkono umeshazidi sana, kwani vitabu vya Toyota vinaruhusu milimita 0.05 tu. Coaster na Hiace zenye propela ya vipande viwili, mtetemo wakati wa kuondoka mara nyingi ni senta beringi (inayoshikilia propela katikati) ambayo mpira wake umechanika. Kabla ya kuifungua propela, chora alama kwenye flenji zote na kwenye pande mbili za jointi ya kuteleza. Ukiirudisha imepishana jino moja, zile nira (uma za chuma zinazoshika krosi jointi) hazilingani tena, na gari litatetemeka hata kama kila kitu ni kipya. Kwa gari la kuvuta mbele, "tak tak tak" ukikata kona ni sivi jointi (kiungo cha shafti ya gurudumu) ya nje, mtetemo ukikanyaga mafuta ni ya ndani.

Mvua. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hapa Dar hujaa maji na magari hupita yakiwa yamezama hadi kwenye ekseli. Difu iliyotoka kwenye lami ya mchana ina moto. Ikiingia maji ya baridi ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na difu inavuta maji kupitia kipumulio na sili. Gari likilala usiku, kabla halijawashwa asubuhi, legeza nati ya chini kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Ukiona maji, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote, difu na gia boksi, siku hiyohiyo. Beringi zilizolala wiki kwenye maji hazirudi. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, kisafishe, kwani presha ya joto itasukuma oili kupitia sili na utabadilisha sili bure.

Mnaofunga klachi upya, vipimo vichache vya kuandika ukutani. Klachi pleti ambayo kichwa cha ribiti kiko chini ya milimita 0.3 kutoka uso wake haifai kurudishwa. Vidole vya presha pleti (ile inayobana klachi pleti) vikiwa vimechimbika kuzidi milimita 0.6, badilisha. Boliti za presha pleti za milimita 8 kwenye Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi nguvu ya 19 Nm kwenye spana ya kipimo. Pleti iwekwe katikati kwa shafti ya kupangia. Grisi ya meno ni ndogo kama kupaka midomo, ikizidi itarushwa kwenye pleti. Usiache gia boksi ining'inie kwenye pleti wakati wa kuipachika. Na vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa. Zamani lilikuwa na asbesto na baadhi ya spea za sasa hazisemi zimetengenezwa na nini. Lowesha, futa.

Swali limeulizwa kuhusu difu za mtumba za eneo la Gerezani hapa Dar, kama yafaa kununua. Yafaa, kwa masharti. Linganisha uwiano wa meno, yaani propela huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, hasa kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne: difu ya nyuma ikiwa 4.3 na ya mbele 4.1, ukiingiza magurudumu yote kwenye lami, kitu kitavunjika, na ni transifa, kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma, inayotangulia. Uwiano wa gari lako umeandikwa kwa msimbo kwenye kibati cha Toyota ndani ya boneti, na kitabu kinautafsiri. Kibati kikiwa kimepotea, hesabu kwa mkono. Weka gia nyutro, vigingi kwenye magurudumu, inua gurudumu moja la nyuma na uliwekee stendi, lingine libaki chini. Chora mstari kwa chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo hewani mara 20, mwenzako ahesabu propela. Kwa kuwa gurudumu moja limesimama, mizunguko 20 ya hilo lililo juu ni mizunguko 10 ya gia kubwa ndani ya difu. Propela ikizunguka mara 41, unatafuta difu ya 4.1, ikizunguka mara 43, ni 4.3. Kwa difu yenye kizuizi cha kuteleza njia hii haikubali, hiyo lazima ifunguliwe na meno yahesabiwe.